Kiwavi Mbele ya Lenzi

Leo nataka tuzungumze juu ya picha, na hasa picha ya kitu kidogo inayopigwa kwa karibu: mdudu, yai la mdudu, doa kwenye jani. Picha za harusi na kipaimara wapiga picha wetu wanazimudu, tena wanazimudu vizuri. Hii ya vitu vidogo ndiyo inayotushinda wengi, na kushindwa huko kuna gharama. Ili tusizunguke sana, nitamshika mdudu mmoja tu, kiwavijeshi vamizi, yule anayetafuna mahindi ya Tanzania na Kenya tangu mwaka 2017, na kupitia yeye nitaeleza mambo ya kamera niliyokusudia.

Msimu wa mahindi ukifika, simu za maafisa ugani hujaa picha. Mkulima anaingia shambani alfajiri, anakuta majani yametobolewa, anachokonoa katikati ya mche, anamwona mdudu, anapiga picha na kuituma. Bwana shamba, huyu ni nani, na nitumie dawa gani? Bwana shamba anafungua na kukuta jani la kijani limejaa kioo kizima, na katikati yake kitu cha rangi ya udongo kisichojulikana kichwa wala mkia. Anajibu, tafadhali piga tena. Kufikia hapo jua limeshapanda, mdudu amejirudisha ndani ya majani machanga yaliyojikunja, na mkulima ameshakwenda kwenye shughuli nyingine. Siku imekwenda hivyo. Wapo wasiongoja jibu, wakanunua dawa kwa kubahatisha, wakanyunyiza, na mdudu akaendelea kula.

Tumtambulishe mdudu mwenyewe. Asili yake ni Amerika, maeneo ya joto. Barani Afrika aliripotiwa kwanza mwaka 2016, upande wa magharibi, na mwaka uliofuata alikuwa ameshafika kwetu. Wataalamu humwita Spodoptera frugiperda. Kabla yake tulikuwa na viwavijeshi wetu wa zamani, tulikuwa na funza wa mabua, na hao wote bado wapo. Kwa mtu anayetazama haraka haraka, wote ni viwavi tu. Lakini huyu ana alama zake. Usoni pana mistari ya rangi ya kupauka inayochora herufi Y iliyopinduliwa juu chini. Mgongoni, karibu na mkia, kwenye pingili ya pili kutoka mwisho, pana madoa manne meusi yaliyokaa kama pembe za mraba. Y peke yake haitoshi, kwa sababu viwavi wengine wa ukoo huo wana alama inayokaribiana nayo. Ukiiona Y, kisha ukauona na mraba, umempata.

Sasa tupime. Kiwavi aliyekomaa ana urefu wa sentimita 3 na nusu hivi, lakini kichwa chake hakifiki hata milimita 3 kwa upana. Akiwa ndiyo kwanza ameanguliwa, kichwa hicho ni theluthi moja ya milimita. Kwa hiyo uso tunaotaka kuusoma una upana wa punje ya mchele, tena hapo tunasema kiwavi mkubwa. Kamera nayo inaanza kutaabika hapo hapo.

Ndani ya kamera ya dijitali, mahali ilipokuwa ikikaa filamu zamani, pana kibao kidogo kinachopokea mwanga. Tukiite kihisi. Katika kamera kubwa za kazi, kihisi hicho kina upana wa milimita 36 na kimo cha milimita 24. Katika kamera nyingine ni kidogo zaidi, na katika simu ni kidogo mno. Chukua kamera kubwa ya megapikseli 24. Ina pikseli, yaani nukta zinazounda picha, kama 6,000 kwa upana, maana yake pikseli 166 hivi katika kila milimita ya kihisi. Kama lenzi yako inaweza kumchora kiwavi kwa ukubwa wake halisi, yaani milimita moja ya mdudu ikakaa kwenye milimita moja ya kihisi, basi kichwa chenye milimita 2.6 kitapata pikseli 430 kwa upana. Hapo Y utaisoma bila shida. Lenzi ya kawaida, ile inayouzwa pamoja na kamera, kwa kawaida hufika robo au theluthi ya ukubwa halisi, nayo itakupa pikseli mia moja na kitu. Bado kuna matumaini. Lakini mtu akisimama wima, mita moja kutoka kwenye jani, akapiga kwa lenzi ya milimita 50, kichwa cha kiwavi kinaambulia pikseli 20 na kitu. Hapo hakuna programu ya kompyuta itakayorudisha Y ambayo haikuingia. Inaweza kuongeza weusi pembeni mwa vitu na kuifanya picha ionekane kali kwa mbali, lakini alama haiwezi kuizua, na ikiizua ni balaa zaidi.

Basi mtu husikia hivyo akasogea. Anasogea hadi kamera inakaribia kumgusa mdudu, anabonyeza, anapata ukungu mtupu. Kila lenzi ina mpaka wake wa karibu. Ukiuvuka, haioni tena. Kamera yenyewe hukueleza. Bonyeza kitufe nusu, usubiri mlio au taa ya kijani. Ikikataa, rudi nyuma kidogo kidogo mpaka ikubali. Katika kamera ndogo za mkononi, tafuta alama ya ua. Hiyo ndiyo inayoifungulia lenzi ruhusa ya kutazama karibu. Halafu usivute zumu. Kamera nyingi za aina hiyo huweza kulenga kitu kilicho sentimita chache tu mbele yao zikiwa hazijavutwa, na ukivuta zumu mpaka wao wa karibu unakimbia mbali. Wengi hufanya yote mawili kwa pamoja, wanasogea na wanavuta, kisha wanalaumu kamera.

Kuhusu vifaa nitasema kwa kifupi, maana fedha ni za kila mmoja na mfuko wake. Lenzi za makro zimetengenezwa kwa kazi hii na hufika ukubwa halisi. Ukipata nafasi ya kununua, chukua ya milimita 90 hadi 105, kwa sababu itakuacha na nafasi ya sentimita kama 13 au 14 kati ya kioo na mdudu. Zile fupi zinakulazimisha usogee mpaka kivuli chako kinamfunika. Asiye na uwezo huo atafute pete za kurefusha lenzi, mirija mitupu isiyo na kioo ndani, inayokaa kati ya kamera na lenzi. Lenzi ya milimita 50 ikiwekewa pete ya milimita 25 inafika nusu ya ukubwa halisi au zaidi kidogo, na kwa kazi yetu ya leo nusu inatosha sana. Nitaeleza kwa nini.

Hapa naomba unisikilize kwa makini, kwa sababu ndipo penye kiini cha mazungumzo haya.

Ukipiga picha ya mlima, karibu kila kitu kinatoka vizuri, cha mbele na cha nyuma. Ukipiga picha ya mtu, macho yanatoka makali na ukuta wa nyuma unafifia, na watu wanapenda hivyo. Lakini ukimsogelea mdudu mpaka ukubwa halisi, sehemu iliyo kali inakuwa nyembamba kupita unavyodhani. Kwa tundu la lenzi lililowekwa namba 8, ukali wote una unene wa milimita moja tu. Kilicho mbele ya hiyo milimita kimefifia, kilicho nyuma yake kimefifia. Na kiwavi mkubwa mwili wake ni mnene kuliko hapo mara kadhaa. Ukilenga mgongo, miguu imepotea. Ukilenga pua, kama ningeweza kusema kiwavi ana pua, shingo imepotea.

Kwa hiyo hapa kamera haiwezi kukupa kila kitu, na hata iwe ya bei ghali namna gani haiwezi, kwa maana hii ni tabia ya mwanga wenyewe. Lazima uchague milimita moja. Na huwezi kuichagua kama humjui mdudu. Mtu asiyejua habari ya Y wala ya madoa manne atalenga pale panapong'aa, au pale kamera itakapoamua yenyewe, kwa kawaida ukingo wa jani au unyoya uliosimama mbele. Anayejua atauliza kwanza: nataka picha hii iseme nini? Kisha ataipeleka ile milimita yake mahali hapo. Mimi naamini hii ndiyo tofauti kubwa kati ya wapiga picha wa vitu vidogo, kubwa kuliko lenzi na kuliko kamera. Afisa ugani mwenye kamera ya kawaida na elimu ya wadudu atampita kwa mbali mpiga picha wa mjini mwenye vifaa vya mamilioni asiyejua anachokitazama.

Ndiyo maana kiwavijeshi vamizi anadai picha mbili. Y iko usoni, na uso umetazama mbele. Mraba uko mgongoni, na mgongo umetazama juu. Nyuso hizo mbili hazilali pamoja, na milimita yako moja haiwezi kulala kwenye zote mbili. Anayejitahidi kuzipata kwa mpigo mmoja, kwa pembeni, anapata nusu ya hii na nusu ya ile, na mwishowe hana yoyote. Piga ya kwanza ukiwa juu yake kabisa, uso wa kamera ukiwa sambamba na mgongo wake, ili ukali ulale kwenye pingili zote kuanzia shingo hadi mkia. Hapo mraba utautoa. Kisha shuka, magoti chini, uje usawa wa uso wake, umtazame ana kwa ana, na upige ya pili. Suala la usambamba ni la kuzingatiwa kuliko watu wanavyodhani; kamera ikiinama kidogo tu, upande mmoja wa mraba unatoka mkali na mwingine unafifia.

Zipo njia za kuunenepesha ukali. Ya kwanza ni kurudi nyuma kidogo. Ukitoka ukubwa halisi ukaenda nusu yake, kwa namba ile ile 8, ukali unakuwa na unene wa milimita karibu 3. Umepoteza nusu ya pikseli, lakini kichwa bado kina pikseli mia mbili na kitu, na Y inasomeka. Kwa picha ya kumtambua mdudu, mimi huichagua nusu kila mara. Ukubwa kamili naufuata kama nina sababu maalumu.

Njia ya pili ni kulibana tundu la lenzi, kutoka namba 8 kwenda 11 au 16. Namba inapanda, tundu linapungua, ukali unanenepa. Lakini hapa pana mtego. Mwanga ukipita kwenye tundu dogo sana hutawanyika, na picha yote inakuwa laini, hata pale ulipolenga sawasawa. Na kwa karibu jambo hilo huja mapema kuliko kawaida: katika ukubwa halisi, tundu la namba 16 linafanya kazi kama la namba 32, na mwanga unaofika kwenye kihisi ni robo tu ya ule ambao ungefika ukipiga kitu cha mbali. Mtu anabana mpaka 22 akidhani anaongeza ukali, kumbe ameupunguza. Kaa kati ya 8 na 11, ukilazimika sana 16.

Ipo na ya tatu, nayo ni ya subira: kupiga picha nyingi za mdudu yule yule, kila moja ikilengwa hatua moja nyuma ya iliyotangulia, kisha kompyuta inachukua sehemu kali ya kila picha na kuziunga ziwe moja. Mwingereza Levon Biss aliwapiga hivyo wadudu waliohifadhiwa katika jumba la makumbusho la historia ya asili la Chuo Kikuu cha Oxford, na picha zake zikaoneshwa huko mwaka 2016. Kila mdudu alihitaji picha zisizopungua 8,000, kamera ikisogezwa mikroni 10 tu kwa hatua. Ukiziona, unaona vishimo na nywele juu ya gamba la mende kana kwamba ni nchi nzima imepigwa kutoka angani. Ni kazi ya kuheshimiwa. Lakini wadudu wale walikuwa wamekufa, wamebanwa juu ya meza, hakuna upepo. Sisi tuko shambani, jani linacheza, kiwavi anatembea. Tusijilinganishe.

Na mtikisiko, wa upepo au wa mkono, ndio adui wa pili baada ya wembamba wa ukali. Turudi kwenye hesabu zetu. Katika ukubwa halisi, milimita moja ya kihisi ina pikseli 166. Mkono wako ukitikisika sehemu moja ya kumi ya milimita, mtikisiko ambao wewe mwenyewe huuhisi, kila nukta ya picha imeburuzwa pikseli 16. Na ukiyumba mbele au nyuma milimita moja tu, ule ukali wote umetoka usoni kwa kiwavi umehamia kwenye jani. Kupumua tu kunatosha kukuyumbisha hivyo.

Stendi ya miguu mitatu husaidia ndani ya nyumba. Shambani, na hasa kwenye mahindi, naiona inachelewesha. Ukimaliza kuipanga mdudu kaondoka. Kinachofaa zaidi ni mkono wa kushoto. Shika jani kwa vidole viwili, dole gumba na cha shahada, taratibu, karibu na alipo kiwavi. Kisha pumzisha mdomo wa lenzi juu ya mkono huo huo, kwenye kifundo. Sasa jani na lenzi vimeshikwa na mkono mmoja. Mkono ukitikisika, vinatikisika pamoja, na kwa kamera ni kama hakuna kilichotikisika. Kiwiko kiegemeze gotini. Huu ni ujuzi usiogharimu hata senti, na ukiuzoea utashangaa picha zako zilivyobadilika.

Halafu zima ulengaji wa kamera yenyewe. Kwa karibu namna hii mashine huhangaika, lenzi inakwenda mbele na kurudi nyuma, inatafuta, na ikipata imepata kitu kisicho chako. Weka ulengaji wa mkono, ipange lenzi kwenye umbali unaoutaka, uiache hapo. Kinachosogea sasa ni wewe. Inama mbele kidogo kidogo huku ukitazama kwenye kioo, na Y inapoibuka kutoka kwenye ukungu, bonyeza, tena bonyeza picha kadhaa mfululizo bila kusimama. Moja kati yake itakuwa imeangukia pale pale. Hii ndiyo neema ya dijitali. Enzi za filamu ya picha 36, kila mpigo ulikuwa fedha. Leo picha hazigharimu kitu, na asiyezitumia anajinyima.

Kasi ya kamera isishuke chini ya sehemu 1 ya 250 ya sekunde, na ikiwezekana ipande. Mwanga hautoshi? Pandisha ISO, yaani wepesi wa kihisi kuuitikia mwanga, bila hofu. Chembechembe kwenye picha zinavumilika. Picha iliyoburuzwa haivumiliki. Au tumia flashi. Flashi ikipunguzwa nguvu huwaka kwa muda mfupi ajabu, katika nyingi hata sehemu 1 ya 10,000 ya sekunde, na katika muda huo hakuna jani linalowahi kucheza. Ila usiiache uchi. Kiwavi ana ngozi inayong'aa, na flashi uchi huacha doa jeupe juu yake, mara nyingi juu ya kile kichwa tunachokitaka. Mbele ya flashi weka karatasi nyeupe au kipande cha chombo cheupe cha plastiki, mwanga utulie.

Jua la saa sita mchana lina kosa hilo hilo la flashi uchi. Muda wetu ni kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi hadi saa mbili hivi. Wadudu bado wana baridi, hawakimbii, upepo haujaamka, na kiwavijeshi vamizi mwenyewe yuko nje akila, hajaingia kujificha. Jioni naye hutoka, ila upepo wa jioni sehemu nyingi ni msumbufu. Kama umelazimika kupiga mchana, mwombe mwenzako ashike shuka jeupe kati yako na jua. Shuka linalainisha mwanga na linakinga upepo kwa pamoja. Narudia, shuka jeupe. Kitenge chekundu kitalipaka jani wekundu ambao haupo, na mtaalamu wa magonjwa ya mimea anasoma rangi kabla ya kusoma umbo. Kwenye mihogo jambo hili ni zito zaidi, kwa maana ugonjwa wa batobato unatambulika kwa umanjano wake kwenye jani, na rangi ikidanganya, jibu nalo litapotoka.

Wapo watakaouliza, na yale mafundisho ya wapiga picha, kwamba ukali uwe machoni, yameishia wapi? Hayajaisha. Yana mahali pake. Kando ya Ziwa Victoria, huko Mbita nchini Kenya, ambako taasisi ya utafiti wa wadudu ya icipe ina kituo, wanasayansi wamemchunguza buibui mrukaji aitwaye Evarcha culicivora, ambaye hupendelea kula mbu jike aliyeshiba damu. Habari zake zilichapishwa mwaka 2005. Ni mdogo, milimita 5 hivi, na uso wake una macho mawili makubwa yanayokutazama moja kwa moja. Ukimpiga picha yeye, milimita yako yote iwe machoni. Miguu ikififia, hakuna atakayelalamika, kwa sababu picha ya kiumbe anayewinda kwa macho inaishi machoni. Kiwavi wetu hana macho ya kumvutia mtu. Kwake picha inaishi kwenye Y na kwenye mraba. Na kwa inzi mweupe wa mihogo, ambaye mwili wake hauzidi milimita moja, sahau habari za uso. Piga upande wa chini wa jani, uoneshe wapo wangapi na wamekaaje.

Wenye simu tu msidhani nimewasahau, mko wengi kuliko wenye kamera. Sheria ni zile zile. Simu nyingi hazilengi kitu kilicho chini ya sentimita 8 au 10 kutoka kwenye lenzi zake kuu, kwa hiyo kaa kwenye umbali huo, gusa kioo pale penye kichwa cha mdudu, piga, kisha ukate kingo za picha baadaye. Matokeo yake mara nyingi huipita ile lenzi ndogo ya makro iliyowekwa kwenye simu za bei nafuu, yenye megapikseli 2 tu. Na mwaka 2018 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, pamoja na Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani, walileta programu ya simu iitwayo Nuru, inayolitazama jani la mhindi na kusema kama uharibifu ni wa kiwavijeshi vamizi, hata pasipo intaneti. Ni chombo kizuri. Lakini nacho kinasoma picha, na picha ya ukungu inakichanganya kama inavyomchanganya bwana shamba.

Ukishapiga, usiridhike na kioo kidogo cha nyuma ya kamera. Pale kila picha ni kali. Ikuze picha mpaka mwisho, tembea hadi kichwani, tazama Y. Haipo? Piga tena sasa hivi, mdudu angali mbele yako. Na kabla hujamwachia, piga moja ya ziada ukiwa umemwekea rula pembeni, kwa sababu picha ya karibu humfanya mdudu wa milimita 5 afanane na wa sentimita 4, na umri wa kiwavi, unaosomwa kwa ukubwa wake, ndio unaoamua kama dawa itamfaa au amechelewa kufikiwa. Hata punje ya mhindi pembeni inatosha kama rula haipo.

Kuna jambo linaloniuma sana, kwa sababu linaharibu kazi iliyokwisha kufanywa vizuri. Mtu amepiga magoti alfajiri, amepata picha kali yenye pikseli milioni 24, anaituma kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, na njiani inapunguzwa na kubanwa mpaka Y inageuka doa. Itume kama hati, kwa kubonyeza alama ya kiambatisho na kuchagua faili. Itakula kidogo kwenye bando, lakini itafika ilivyo. Andika na maneno mawili matatu chini yake: kijiji, tarehe, mahindi yana wiki ngapi, umewakuta kwenye miche mingapi kati ya kumi. Picha kali isiyo na maneno hayo ni nusu ya ushahidi.

Na ningependa tusimngoje kiwavi. Nondo jike hutaga mayai kwa mafungu, mia na zaidi kwa pamoja, kwenye jani, na huyafunika kwa manyoya ya tumbo lake, yakaonekana kama ukungu au uchafu uliogandia pale. Kila yai lina kipenyo cha milimita 0.4 hivi. Hapa ndipo ukubwa halisi unapostahili, na bahati nzuri fungu la mayai halitembei na ni bapa, kwa hiyo milimita yako moja inatosha kulala juu yake lote. Geuza jani taratibu, liweke sambamba na kamera, acha mwanga uje kwa pembeni ili vimanyoya vitoe kivuli, upige. Kukiwa na joto mayai hayo huanguliwa ndani ya siku mbili au tatu, kwa hiyo picha hiyo isilale kwenye kamera. Itume siku hiyo hiyo, kabla ya saa sita.